Aliyebonyeza Mara Moja

Matroni alituambia mke wangu hakuita. Alitusimamisha kwenye korido, mimi na mwanangu wa kiume, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwaambia wengine wengi jambo hilohilo: "Kengele ilikuwa palepale mkononi. Angeita tungekuja. Hakuita." Kisha akaangalia saa yake, siyo kwa dharau, mazoea tu. Mwanangu akamshukuru. Mimi sikushukuru.

Ilikuwa mchana. Waliokuja kuona wagonjwa tulikuwa tumetolewa, wodi imepigwa deki. Mke wangu alikuwa na pumzi fupi tangu asubuhi, na tulipomwacha alikuwa amekishika kile kitufe cha kamba kama mtu aliyeachiwa ufunguo wa nyumba ya watu. Walipopita na dawa za jioni walimkuta amekwisha kupoa.

Hilo neno, hakuita, nililibeba hadi nyumbani. Watu walikuja msibani wakasema ya kusemwa, wakaondoka, nami nikabaki nalo kwenye kiti cha plastiki mlangoni, nikiligeuza kama kuli anayegeuza gunia kutafuta linapovujia. Kama hakuita, basi aliamua. Au aliona aibu kuwasumbua. Au alikwisha kutuchoka. Nililigeuza hata nikaacha kusikia chochote. Jirani akipita akinisalimu, naitikia, akishapita sikumbuki ni nani.

Mwanangu ni dereva wa malori ya safari ndefu. Alikuwa akipiga simu kila akiegesha. Aliyekuwa nyumbani ni mkewe, mkwe wangu, na huyu binti kazi yake ni kompyuta, lakini siyo zile za kuandikia barua. Yeye huandika maagizo ya chini kabisa, kwenye kiini cha mfumo endeshi, pale ambapo mashine huambiwa lini ilale na lini iamke. Alipoingia kwenye familia niliuliza anafanya kazi gani, mke wangu akanijibu, "Analaza mashine." Nikasema basi ni yaya. Tulicheka siku nzima, naye akacheka nasi, tangu hapo nikimtania namwita Yaya.

Asubuhi moja akaja kusimama mbele ya kiti changu, mkoba begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Twende kazini kwangu."

"Nikafanye nini? Nikafagie?"

"Ukabonyeze vitufe. Tunahitaji mkono wa mtu."

"Mikono imekwisha mjini kote, mpaka mje kuchukua wa kuli aliyevunjika mgongo."

"Iliyopo ina haraka, baba."

Nilijua ni huruma, na kwamba mwanangu ndiye aliyempigia simu amtoe mzee pale kwenye kiti. Nikaenda, kwa sababu kukataa kulitaka nguvu kuliko kwenda.

Karakana yao iko ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi hupanda ngazi pamoja nawe. Chumba ni kimoja kirefu. Meza imeegemezwa ukutani, juu yake ubao, na kwenye ubao vimepigiliwa visanduku, kila kimoja na kamba yake inayoning'inia. Feni ya miguu ilikuwa ikigeuza kichwa huku na huku. Nilivitazama vile visanduku. Rangi ya maziwa yaliyokaa, kitaa kidogo juu, na mwisho wa kamba kitufe chekundu.

"Hivi ndivyo vya wodini," nikasema.

"Ndivyo."

"Ulijua nitavitambua."

"Nilijua. Ungependa nikufiche?"

Nikavuta kiti nikakaa. Sikusikia uchungu. Nilidhani ningesikia kitu, lakini ilikuwa kama kukanyaga mahali ambapo mguu umekufa ganzi. Unaona unakanyaga, basi.

Mkubwa wa pale wenzake walimwita Kwakifupi, kwa maana kila jambo alilianza kwa kusema kwa kifupi, halafu mnatafuta pa kukaa. Alikuja kunipa mkono, kikombe cha chai katika mkono mwingine. "Mzee wangu, pole sana na msiba. Kwa kifupi, sisi hapa ni familia." Akaieleza hiyo familia hadi chai ikapoa. Mimi wakubwa nawajua tangu ghalani. Mkubwa hupoteza maneno kama tajiri apotezavyo maji, hayamgharimu kitu. Nikamwitikia, akaenda zake.

Mkwe wangu akavuta kiti karibu, lakini siyo karibu sana. Ana adabu ya mkwe hata akiwa kwenye ofisi yake.

"Baba, ile habari ya kofia za ghalani. Nisimulie tena."

"Unaijua."

"Naijua. Nataka tuitumie."

Basi nikamsimulia. Ghalani makuli tulikuwa tunasubiri malori, na kusubiri kwa kuli ni kulala. Kila mtu alikuwa na mkeka wake na msumari wake ukutani. Ukitaka kulala, unatundika kofia yako msumarini. Mwitaji akisikia lori, anapita ukutani, kila kofia anayoiona anaitungua na kumtupia mwenyewe. Ambaye kofia yake haipo ukutani hahangaiki naye, maana huyo yuko macho, lori ataliona mwenyewe. Na mpangilio ulikuwa mmoja: unatundika kofia kwanza, unachungulia dirishani kama kuna lori, halafu ndipo unajilaza. Lori likiingia baada ya wewe kuchungulia, mwitaji ataikuta kofia yako na kuitungua. Ukirudi mkekani ukaona kofia imetunguliwa, hulali.

"Visanduku hivi vinafanya hivyohivyo," akasema. "Vinalala, vinasubiri kitufe. Sasa tuseme dirisha lina kufuli, na ufunguo anao karani, na karani ana mtu. Unafanyaje?"

"Namsubiri."

"Unasubiri ukiwa macho?"

"Kuli anayesubiri akiwa macho ni mgonjwa huyo, apelekwe kwa daktari."

Akatabasamu kidogo. "Na kofia?"

"Si iko msumarini."

"Karani akimaliza, anakuamshaje?"

"Anaitungua kofia, ananitupia."

"Unachukua ufunguo, unachungulia, hakuna lori. Unarudi mkekani. Kofia iko wapi?"

Nikafikiri. "Iko kichwani kwangu."

"Kwa hiyo unaona imetunguliwa."

"Naona nimeitwa. Kumbe sikuitwa na lori, ni yule karani tu. Basi naanza upya. Natundika, nachungulia."

"Na karani ana mtu mwingine."

"Nitazunguka hivyo mpaka jioni bila kupata usingizi."

"Ndiyo hali iliyokuwepo," akasema. "Usingizi ndani ya usingizi, na kofia ni moja. Visanduku vilikuwa vinazunguka tu, havilali, vinapata moto. Wauguzi walilalamika kwamba ukigusa ukuta unaungua, na betri haifiki jioni."

"Mkavitengeneza."

"Tukavitengeneza." Alikuwa akiitazama meza. "Ikasemwa, chungulia kwanza, ukimaliza ndipo utundike kofia. Mistari miwili ikabadilishana nafasi. Joto likaisha siku ileile, watu wakapongezana. Sasa fikiria, baba. Umechungulia, hakuna lori. Umegeuka, unakwenda kutundika kofia. Lori linaingia hapohapo. Mwitaji anapita ukutani."

Haikunichukua muda. Nimelala pale ghalani nusu ya maisha yangu.

"Haoni kofia," nikasema. "Anadhani niko macho, ananipita."

"Halafu?"

"Halafu natundika kofia. Nalala."

"Na lori?"

"Lori liko nje."

Feni ikageuza kichwa, ikatupulizia, ikageuka tena. Nikamuuliza kama ndivyo ilivyokuwa siku ile.

"Sijui," akasema. "Natafuta. Nimeliona hilo pengo kwenye msimbo baada ya msiba. Nikalipanua kwa makusudi, kisanduku kikaacha kusikia, nikamwonyesha Kwakifupi. Akasema, wewe umekivunja mwenyewe halafu unalia kimevunjika. Anataka aone kisanduku kisichoguswa, cha aina ileile ya wodini, kikikosa kusikia. Bila hivyo hatabadilisha kitu katika hospitali zote zenye visanduku hivi."

Kwa hiyo nilikuwa nabonyeza ili ijulikane kama mke wangu aliweza kuita asisikike. Hilo ndilo lililokuwa mezani, na wote wawili tulilijua, na hatukulisema tena.

Walikuwa na mashine yao ya kubonyeza, kimkono cha chuma walichokiita Dole. Dole kilikuwa kinabonyeza usiku na mchana, kwa mwezi mzima, na hakijaona kosa hata moja. Mkwe alinieleza kwamba Dole kina mpigo, na kisanduku nacho kina mpigo, na mipigo miwili ikishazoeana huwa inakutana palepale kila mara, kama watu wawili waliozoea kupishana mlangoni. Mkono wa mtu hauna mpigo. Nikasema mkono wangu mimi hauna hata nguvu. Akasema ndio bora.

Nikaanza. Unabonyeza, kitaa kinawaka, unakizima, unahamia cha pili. Nilibonyeza kama watu wanavyobonyeza lifti, mara mbili tatu, tap tap tap, mradi mkono uko pale. Kitaa kikawaka, kikawaka, kikawaka. Sikuwa nafikiri kitu. Ni kazi nzuri kwa mtu asiyetaka kufikiri, nawaambia wafiwa wote. Watu wa karakana walinizoea. Kuna kijana wa vipuri akawa ananiita Mzee Dole, nikamwambia Dole ni mdogo wangu, aniheshimu kwa umri. Siku zikaenda. Jioni tunarudi kwa miguu, mkwe wangu amebeba mfuko wangu ingawa hauna kitu ndani.

Kisha asubuhi moja akasimama nyuma yangu kwa muda mrefu, akiangalia mkono wangu.

"Baba. Mama akija chumbani kwetu alikuwa anabisha hodi mara ngapi?"

Sikugeuka. "Mara moja."

"Anabisha mara moja, anasimama. Tukikawia, anasimama tu. Siku moja nilikuwa bafuni, nilipotoka nilimkuta bado amesimama pale na sahani imepoa. Nikamuuliza, mama, kwa nini hukubisha tena? Akasema, si nimekwisha kubisha."

"Ndivyo alivyokuwa."

"Unabonyeza mara tatu, baba. Wote tunabonyeza mara tatu. Dole nacho kinabonyeza mfululizo. Kama mlio wa kwanza unapotea, wa pili unakiamsha kisanduku, kinaiona yote miwili, kitaa kinawaka. Hatuwezi kuuona unaopotea. Utaonekana tu kwa anayebonyeza mara moja akasubiri."

Aliyasema yale polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akaondoka kwenda kwenye meza yake, akakaa, hakugusa kompyuta.

Basi nikabonyeza mara moja. Nabonyeza, naachia, naweka mkono gotini, natazama. Kitaa kinawaka. Nazima, nahamia. Ni kazi nyingine kabisa hiyo. Mtu anayebonyeza mara tatu hangojei kitu, mkono wake umeshajibu. Anayebonyeza mara moja yuko mikononi mwa wengine. Nilifanya hivyo nikiwaza juu ya wakubwa, jinsi wanavyotengeneza kitu kwa ajili ya watu wenye kelele. Foleni, dirisha la malipo, ofisi yoyote ile, mwenye kugonga meza ndiye anayehudumiwa. Mke wangu alikuwa hajui kugonga meza. Nilimgombeza kwa hilo miaka mingi, naye akanijibu kwamba ndani ya nyumba moja wagonga meza wawili ni wengi.

Ilitokea mchana, baada ya chakula, wengine wamesinzia. Nilibonyeza kisanduku cha kona. Nikaachia. Nikaweka mkono gotini.

Kitaa hakikuwaka.

Nilikaa nikakitazama. Nilidhani labda nimesinzia nami, kwamba sikubonyeza, kidole kimepita tu hewani. Kilikuwa kimya, rangi yake ileile ya maziwa. Nadhani ningekaa hivyo mpaka jioni. Ni mkwe wangu aliyeinua kichwa kwa sababu ya ukimya, mlio wa vitufe ulikuwa umekatika.

"Usikiguse," akasema.

Alikuja taratibu kana kwamba kuna mtoto amelala mezani. Kwenye kioo cha kompyuta yake palikuwa na mstari unaojichora kila mkono unapobonyeza, umechorwa kutoka kwenye waya wenyewe, na akanionyesha: mstari ulikuwa umepanda na kushuka. Mkono wangu ulikuwa umefika. Kitufe kilifanya kazi yake, waya ulifanya kazi yake. Ndani ndiko kulikolala.

Akaenda kumwita Kwakifupi. Akaja na kikombe.

"Kwa kifupi, inawezekana mzee hakukandamiza vizuri."

Mkwe akamwonyesha mstari. Kwakifupi akauangalia, akakiangalia kisanduku, na kabla hatujasema neno akanyoosha kidole chake akabonyeza. Kitaa kikawaka.

"Mnaona," akasema. "Si kinafanya kazi."

Kwenye kioo palikuwa na milima miwili sasa, wa kwangu na wa kwake, na kati yao pengo refu. Akaendelea kuutazama mstari. Nikaona kikombe kinainama mkononi mwake, chai ikafika ukingoni. Akakiweka mezani.

"Ule wa kwanza umekwenda wapi?" akauliza, na hakuanza kwa kifupi.

"Umepita ukutani, hapakuwa na kofia," nikasema. Hakunielewa.

"Badiliko lile la mistari miwili nililiandika mimi," akamwambia mkwe wangu. "Nakumbuka, simu za kulalamikia joto zilikuwa zinapigwa kila saa. Nililiandika mimi, wewe ukalisoma na kulipitisha."

"Nililipitisha," mkwe akasema.

Alilisema mbele yangu. Angeweza kungoja nitoke.

Jioni ile tulitembea kurudi kama siku zote, mfuko wangu begani kwake. Tulipita maduka yanafunga, mtu anamwaga maji ya kuoshea kizingiti, tukayaruka. Nilikuwa na hasira yangu niliyoilea vizuri, imenona, imepewa jina la wakubwa, na sasa nimeambiwa mmoja wao ananiita baba na anabeba mfuko wangu.

"Walikuharakisha ulipitishe," nikasema. "Ulisukumwa."

"Hapana, baba. Nilipewa muda. Nilisoma, nikaona ni sawa. Nilitaka joto liishe, na liliisha."

"Ulikuwa na kazi nyingine nyingi."

"Nilikuwa nazo. Lakini ile niliisoma."

"Unataka niseme nini?"

"Sitaki useme kitu."

Basi sikusema. Bado nawalaumu wakubwa. Nani alipeleka hospitalini kitu kilichosomwa na mtu mmoja tu? Nani alisema watu wapongezane siku ileile? Mkwe wangu akisoma haya atasema namtetea asipotaka kutetewa. Na asome. Mimi nilikuwa na mke mmoja na nina mkwe mmoja.

Mkwe wangu alilitengeneza lile pengo kwa namna ambayo hata kuli anaielewa. Mwitaji asiangalie tena kofia. Akisikia lori, aweke jiwe kwenye mkeka wa kila anayengoja lori, awe amelala, awe macho, awe amekwenda kwa karani. Karani akikuamsha kwa ajili ya ufunguo haweki jiwe, kwa hiyo hukosei kwamba umeitwa. Na wewe, kabla hujajilaza, unapapasa mkeka. Kuna jiwe, hulali. Hakuna, lala kwa raha, wala hupati moto. Nikamuuliza kwa nini hawakufanya hivyo tangu mwanzo. Akasema utaratibu huo ulikuwepo, umeandikwa na watu wengine wa nchi mbalimbali, uko wazi, ni wao tu hawakuutumia mahali pale. Nikabonyeza visanduku vipya mara moja moja, siku baada ya siku. Vyote viliwaka. Vilikuwa baridi ukivigusa. Sikufurahi, wala sikuhuzunika. Nilizima, nikahamia kingine.

Kwakifupi alikubali vipelekwe kila hospitali. Alisema mabadiliko hayo watayaita maboresho ya utulivu wa mfumo, na kwamba kwa kifupi hakuna haja ya kuwatia watu hofu kwa mambo yaliyopita. Nikamwambia nina ombi moja. Nataka Matroni aambiwe.

"Aambiwe nini, mzee? Hatuwezi kusema kilichotokea siku ile. Kile kisanduku cha kitanda chake kilishazimwa na kuwashwa mara nyingi. Hakuna anayejua."

"Hicho ndicho nataka aambiwe."

Akaniangalia kama mtu aliyepewa chenji asiyoielewa. Akasema atalifikiria. Mkwe wangu hakungoja alifikirie. Siku ya kubadilisha visanduku vya ile wodi alijiandikisha kwenda mwenyewe, akaniambia nivae shati zuri.

Wodi ilikuwa ileile, imepigwa deki. Kwenye kile kitanda alilala mama mwingine, mnene, na binti yake anamsuka. Fundi alipanda ngazi, akafungua cha zamani, akafunga kipya. Mimi nilisimama mlangoni. Matroni akaja akiwa na funguo zake, akaniona, akajaribu kukumbuka.

"Mzee, nakufahamu."

"Mke wangu alikuwa hapo."

"Pole, baba." Alikumbuka, niliona. Siyo mwanamke mbaya. Ana wodi mbili na wauguzi wa nusu wodi, na hilo nalo nani kalipanga.

Mkwe wangu akamweleza. Alieleza vizuri, bila kofia wala makuli, bali kwa maneno ya kawaida: kwamba visanduku vya zamani vilikuwa na pengo, kwamba mtu akibonyeza ndani ya pengo hilo mlio ulipotea, kwamba akibonyeza tena ungesikika, na asipobonyeza tena usingesikika kabisa. Kwamba tumeshuhudia kwa macho. Kwamba kosa lilipita mikononi mwake yeye, mkwe wa marehemu, akalipitisha. Yule binti anayesuka akasimamisha vidole.

Matroni akaushusha mkono wake wenye funguo. Funguo zilikuwa zinamgusa paja.

"Kwa hiyo mnasema aliita," akasema.

"Hapana," nikasema. "Sisi hatujui."

"Mimi siwezi kusema aliita, mzee. Hapakuwaka kitu hapa. Tulikuwepo. Mungu ni shahidi tulikuwepo."

"Sikuombi useme aliita."

"Unataka niseme nini?"

"Siku ile uliniambia hakuita. Ulisema kama mtu aliyekuwa amekaa pembeni yake. Nimeishi na neno hilo. Nimemkasirikia mke wangu kwa sababu ya neno hilo, kaburini alipo."

Akaangalia kitanda, akakiangalia kisanduku kipya ukutani. Nilidhani ataangalia saa. Hakuiangalia.

"Sijui kama aliita," akasema. "Nilisema hakuita, na sikuwa najua. Sijui."

"Basi," nikasema.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Akasimama kidogo, kama anangoja nipige kelele ili aweze kunituliza. Sikuwa nayo. Mgonjwa mmoja wa dirishani akamwita kwa mdomo, dada, dada, akaenda.

Tulitoka tukasimama uani, penye benchi la saruji na watu wanaongojea dawa. Simu ikalia, mwanangu. Alikuwa ameegesha mahali, nilisikia injini inapoa ikitoa milio midogo.

"Baba, mmeshaongea na Matroni?"

"Tumeongea. Amesema hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui kama mama yako aliita au hakuita."

"Sasa hiyo inasaidia nini, baba?"

"Haisaidii."

"Na kisanduku, ni nani aliyekiharibu? Mmemjua?"

Mkwe wangu alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, ameshika mfuko wangu kwa mikono miwili. Alisikia swali, simu yangu ina sauti kubwa. Hakuomba kwa macho, wala hakugeuza uso.

"Mkeo yuko hapa," nikasema. "Ongea naye."

Nikampa simu. Nikauchukua mfuko wangu, nikaenda kukaa kwenye benchi, upande wa pili, nisije nikawa nasikiliza.